Dilute, mitigate, alleviate: kupunguza makali kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari huku Mtwara akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba jambo limepungua ukali, hukimbilia neno moja: reduce. Hajakosea. Reduce ni kupunguza kokote, iwe bei, idadi, uzito au mwendo. Ila Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya kupunguza makali, na hayabadilishani nafasi hovyo. Ukitaka kuyatumia sawasawa, jiulize kwanza: kinachopunguzwa ni nini, na kinapunguzwaje?

Dilute ni kuzimua. Unaongeza maji au kimiminika kingine mpaka kilichomo kiwe hafifu. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba hulikuta kwenye lebo ya dawa ya maji ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, pamoja na kipimo cha dawa kwa lita za maji. Ndani ya bomba, dawa ni ileile uliyoimimina, haikupotea hata tone. Kilichoshuka ni ukali wake. Salfa ya unga, dawa nyingine ya ugonjwa huo, hupulizwa ikiwa kavu, kwa hiyo hapo dilute haina kazi. Ningependa kila anayefundisha Kiingereza katika wilaya hizi aanze na lebo ya dawa, maana neno hilo lisipoeleweka mtu anaweza kujiumiza au kuunguza maua ya mikorosho yake.

Muhogo mchungu ndio unaoonyesha neno hili linaishia wapi. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, umewahi kuwapata watu wa mkoa wa Mtwara waliokula unga wa muhogo ambao sumu yake ya sianidi haikutolewa vizuri. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, na wenzake walieneza njia rahisi: unga unaloanishwa kwa maji, unatandazwa mwembamba kwenye mkeka, usizidi unene wa sentimita 1, kisha unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka ikiwa gesi na kupotelea hewani, na ugali hupikwa siku hiyohiyo. Maji yametumika, lakini hiyo siyo dilute, kwa sababu sumu imeondoka. Mwingereza atasema reduce the cyanide, au detoxify. Lakini mama akichanganya unga huo na wa mahindi bila kuutoa sumu, hiyo sasa ni dilute: sumu yote imo sufuriani, imetawanyika tu.

Mitigate huenda na madhara, hatari na hasara. Limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ulaini au upole. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Kimbunga chenyewe hakuna wa kukipunguza. Kinachopunguzwa ni athari zake, kwa makalavati mapana, tahadhari ya mapema na nyumba zinazojengwa mbali na mkondo wa maji. Ndiyo maana utasoma mitigate the effects au mitigate the risk. Mahakamani pia limo: aliyetiwa hatiani akiomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ni kosa lake la kwanza au ana familia inayomtegemea, maelezo hayo huitwa mitigation.

Wanaoandika maombi ya miradi ya mazingira hujikwaa hapahapa. Katika lugha ya mabadiliko ya tabianchi, mitigation ni kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia kama ile ya kaboni; ni kushughulika na chanzo. Kujiandaa na madhara, kwa mfano kuimarisha ukingo wa bahari, huitwa adaptation. Katika nyaraka za maafa, kuimarisha ukingo huohuo ndiyo mitigation! Mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma inabeba majina yote mawili: inahifadhi kaboni kwenye tope na inavunja nguvu ya mawimbi. Sema unaongelea kazi ipi, la sivyo msomaji wa mradi wako atakuelewa kinyume. Na usichanganye mitigate na militate. Militate against ni kuwa kikwazo kwa jambo, na wako wengi, hata Waingereza wenyewe, wanaoandika mitigate against wakikusudia hilo.

Alleviate ni kupunguza mzigo wa anayeteseka: maumivu, njaa, umaskini. Dawa hu-alleviate maumivu, jino bovu likabaki mdomoni. Moderate ni kurudisha jambo kwenye kiasi, kama sauti, madai au matumizi.

Attenuate husikika kwa wataalamu zaidi. Fundi wa mawimbi ya redio hulitumia mawimbi yakififia njiani. Hospitali hulitumia kwa chanjo ambazo kirusi au bakteria wake yuko hai lakini amedhoofishwa asilete ugonjwa, kama chanjo ya surua, BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Louis Pasteur alionyesha njia hiyo mwaka 1880 kwa kipindupindu cha kuku.

Yamebaki mawili ya maneno na maandishi. Tone down ni kulainisha kauli, na mara nyingi ni busara. Water down ni lawama. Chukua sheria ndogo ya kijiji cha pwani dhidi ya uvuvi wa mabomu. Ikiandikwa upya kwa maneno ya upole na adhabu ikabaki ileile, it was toned down. Lugha ikibaki kali lakini faini ikashushwa mpaka isimtishe mvuvi yeyote, it was watered down.