Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya seli shina

Mtu aliyeumia uti wa mgongo hupimwa kwa pini na kipande cha pamba. Namlaza chali, namwambia afumbe macho, kisha naanzia nyuma ya kichwa nikishuka hadi miguuni, sehemu 28 kila upande. "Inachoma au inagusa tu?" Halafu misuli 10 kila upande, kuanzia unaokunja kiwiko hadi unaokanyagia, kila mmoja ukipewa alama kati ya 0 na 5. Kisha kinakuja kipimo kisichopendwa na yeyote: kidole chenye glavu kwenye njia ya haja kubwa, kwa kuwa huko ndiko zinakoishia neva za chini kabisa za uti. Kama hapo hakuna hisia wala kubana, na chini ya jeraha hakuna kinachosogea, mgonjwa ni daraja A. Anayehisi pasipo kusogeza kitu ni B. C na D wana nguvu kiasi, D zaidi. E amerudi sawa.

Huku Kisumu mara nyingi nawaomba jamaa wasubiri nje. Mama akimwona mwanawe amenyamaza hujibu yeye: "Anasikia, daktari, anasikia!" Na mgonjwa naye, kwa hamu ya kupona, hubahatisha. Ndiyo maana mara nyingine nauliza bila kumgusa kabisa.

Naanza na kipimo hiki kwa sababu ya video zinazozunguka kwenye WhatsApp. Kijana aliyekuwa kitandani amechomwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, katika kliniki ya ng'ambo, sasa anasimama. Familia inapokuja kwangu, wazee huwa wameshaanza kutaja harambee na kipande cha shamba. Mimi huwauliza mambo mawili: huyo wa kwenye video alikuwa daraja gani kabla ya sindano, na aliumia lini? Video haisemi.

Hilo la "lini" lina uzito wake. Uti ukigongwa, madhara hayaishii siku ya ajali. Damu huvuja ndani, panavimba, seli za kinga huvamia, na nyuzi za neva zilizosalimika hupoteza utando wa mafuta unaozifunika, hivyo ujumbe hukwama hata pale uzi haujakatika. Baada ya wiki kadhaa kovu hujengeka, na mara nyingi uwazi wenye maji hubaki katikati. Seli shina hupandikizwa kwa matumaini ya kufunika upya nyuzi hizo, au kugeuka neva mpya za kuunganisha, au kutoa kemikali za kutuliza uvimbe na kulisha neva zilizobaki. Seli za uboho na za mafuta ya tumbo hutegemewa zaidi kwa hilo la mwisho.

Kampuni ya Geron ya Marekani ndiyo iliyotangulia kwa seli zinazotokana na kiinitete cha binadamu. Ilipata kibali 2009, ikamdunga mgonjwa wa kwanza kule Atlanta Oktoba 2010, seli milioni 2, na mwaka uliofuata ikaacha kwa sababu za fedha. Wengine waliuendeleza utafiti ule kwa dozi ya hadi milioni 20. Kampuni nyingine, StemCells Inc., ilifunga utafiti wake 2016 baada ya nafuu iliyokuwa imeonekana kuanza kufifia.

Japani ndiko ninakokufuatilia kwa karibu. Chuo Kikuu cha Keio kilichukua seli za kawaida zilizorudishwa katika hali ya ushina, njia iliyompa Shinya Yamanaka tuzo ya Nobel 2012, kikazikuza kuelekea kuwa za neva na kuwapandikizia watu 4, seli milioni 2 kila mmoja, kati ya siku ya 14 na ya 28 tangu kuumia. Muda huo haukuchaguliwa ovyo: uvimbe umetulia, kovu halijakomaa. Matokeo yalitangazwa Machi 2025. Mmoja alipanda hadi D, anasimama na kujifunza kutembea. Mmoja alifika C. Wawili walibaki daraja lao. Hakuna aliyepata madhara makubwa.

Na kliniki ya Mayo, Marekani, ilichapisha 2024 habari za wagonjwa 10 waliodungwa seli za mafuta yao wenyewe: 7 walipanda angalau daraja moja.

Inapendeza, sivyo? Sasa tazama upande wa pili. Katika kila watu 10 wanaopimwa A mara tu baada ya ajali, takriban 2 hupanda hadi B au C ndani ya mwaka mmoja bila seli zozote. Dereva wa boda boda aliyeangukia barabara ya Ahero, au mvulana aliyeteleza mwembeni, akianza kutikisa kidole gumba mwezi wa tatu, kwetu ni furaha ya wodi nzima. Angekuwa amedungwa kitu mwezi wa pili, sifa zote zingekiendea kile kitu. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua, na tafiti hizi mbili hazikuwa nalo. Zaidi ya hayo, aliyedungwa hufanyishwa mazoezi mengi, na mazoezi nayo huleta nguvu. Anayeshika pini hapaswi hata kujua nani alipewa nini.

Tatizo ni kwamba kumpasua mtu mgongo kwa kuigiza tu, ili apatikane wa kulinganishwa naye, ni jambo zito, nami nisingelikubali haraka. Lakini Japani mwishoni mwa 2018 iliruhusu tiba ya seli za uboho iuzwe kwa masharti kutokana na wagonjwa 13, bila ulinganisho wowote, na wanasayansi wengi walilalamika. Naona walikuwa na haki. Mgonjwa halipishwi ili athibitishe dawa ya mtu.

Hatari nayo ipo. Mwanamke mmoja wa Marekani alipandikizwa mgongoni tishu za pua zenye seli shina kule Ureno, na baada ya miaka 8 akatolewa uvimbe mgongoni uliokuwa ukitoa kamasi.

Kwa hiyo, mnapoletewa kliniki, ulizeni nani analipa. Utafiti wa kweli huandikishwa hadharani, hupitia kamati ya maadili na haumuuzii mgonjwa sindano. Hapa Kenya lazima pia upate kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Wakati huo huo mgeuzeni mgonjwa kila saa mbili na mtunze mpira wa mkojo, maana vidonda vya kulalia na maambukizi ndivyo vinavyotuulia watu huku. Na kama mmeshatumiwa mkataba, nileteeni tuusome pamoja kabla hamjalipa amana.