Mozart hakutupwa kwenye shimo la maskini

Nimeisikia tena wiki hii, na sasa naiandika, kwa sababu nikiieleza kwa mdomo mbele ya kundi la wageni ninaowatembeza hapa Vienna, wenye baridi na njaa, hakuna anayenisikiliza. Tulikuwa ubavuni mwa kanisa la Stephansdom, upande wa kaskazini, sijamaliza hata sentensi ya kwanza, mzee mmoja akatikisa kichwa: "Yaani huyu Mozart na sifa zake zote, wakamtupa shimoni na maskini kama mzoga! Wazungu nao hawana utu, mwanangu." Kundi zima likaguna kwa huruma. Nikasema, "Mzee wangu, si hivyo." Akanitazama kama mtu aliyetumwa na serikali ya Austria kuficha mambo.

Wageni wangu wengi wanatoka Afrika Mashariki. Wamekuja Vienna kwa mikutano ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, wanaiba nusu siku kabla ya ndege, wanataka kuona "mji wa muziki". Kila mmoja anakuja na Mozart wake aliyemtoa kwenye filamu.

Mengine nayamaliza haraka. Salieri, mtunzi mwenzake, hakumwua. Uvumi huo ulikua Salieri alipokuwa mzee na mgonjwa, kisha washairi wakaupalilia. Baada ya Mozart kufa, mwanawe mdogo, Franz Xaver, alisomeshwa muziki na Salieri huyo huyo. Sasa niambieni, mama gani anampeleka mtoto kwa muuaji wa baba yake? Ile filamu maarufu ya 1984, Amadeus, sehemu kubwa ilipigwa Prague, kwa hiyo msiniombe niwaonyeshe mlango mliouona humo. Chokoleti za Mozart zilibuniwa Salzburg mwaka 1890, mwenyewe hakuwahi kuonja hata moja. Na wale vijana wenye wigi na makoti marefu hapo uwanjani ni wauza tiketi. Msipige nao picha kama hamtaki kununua.

Freemason, ndiyo, alikuwa. Aliingia mwishoni mwa 1784. Nikilitaja hilo mbele ya Watanzania, macho yanawaka: "Ahaa! Basi walimtoa kafara!" Eti alifichua siri zao katika opera yake Die Zauberflöte. Maneno ya opera hiyo aliyaandika Emanuel Schikaneder, naye aliishi hadi 1812. Wauaji gani wanamwacha mwandishi wanamwua mpiga kinanda? Kazi ya mwisho aliyoikamilisha Mozart ilikuwa ni muziki wa chama chao, na baada ya kifo waliuchapisha ili kumsaidia mjane wake. Tuendelee.

Umaskini. Kutoka kanisani ni dakika mbili hadi Domgasse 5, nyumba ya ghorofa aliyokaa kati ya 1784 na 1787 na kutungia opera ya Le nozze di Figaro. Kodi yake ilizidi gulden 400, sarafu ya wakati ule, kwa mwaka, na kwa pesa hiyo mtu wa kawaida alikuwa anatunza familia. Mwishoni mwa 1787 Kaizari Joseph II alimpa ajira ya kutunga muziki wa kasri kwa mshahara wa gulden 800. Mtunzi Gluck, aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yake, alikuwa akilipwa 2,000, kwa hiyo tukisema alipunjwa tutakuwa sahihi. Lakini alikuwa na wanafunzi, matamasha, na malipo ya opera.

Hapa sitaki kusafisha kupita kiasi, kwa sababu siku hizi kuna waongozaji wenzangu wanaosema Mozart alikuwa tajiri tu, basi. Barua zake kwa mfanyabiashara Michael Puchberg, za kuanzia 1788, ni za mtu anayebembeleza mkopo hadi unaona aibu kuzisoma. Na Novemba 1791, wiki chache kabla ya kufa, mahakama iliamua kwamba ana deni la gulden 1,435 kwa Mwanamfalme Lichnowsky. Deni hilo la nini? Kila mtaalamu ana nadharia yake, na mimi bado sijakutana na iliyonishawishi. Ninachokataa ni kuruka kutoka kwenye madeni hadi ufukara. Mwenye madeni na fukara si mtu mmoja, wengi wetu tunalijua hilo bila kusomea.

Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35, kwenye nyumba ya mtaa wa Rauhensteingasse. Nyumba ilishabomolewa, pale sasa ni duka kubwa la nguo na manukato. Daftari la vifo linasema homa kali yenye vipele, na tangu hapo madaktari wamependekeza kila ugonjwa kuanzia figo hadi nyama ya nguruwe isiyoiva. Mwili ulibarikiwa Stephansdom, pale pale nilipokuwa nabishana na mzee wangu, kisha ukapelekwa makaburi ya St. Marx, nje ya mji, mwendo wa karibu kilomita nne.

Sasa nisikilizeni taratibu, maana hapa ndipo panaponiumiza kichwa.

Maziko yake yalikuwa ya daraja la tatu. Yaligharimu gulden 8 na kreuzer 56, ukiongeza gulden 3 za gari la farasi. Maskini kweli kweli wa Vienna walizikwa bure. Kwa hiyo risiti yenyewe inamkana anayesema alizikwa kimaskini! Daraja la tatu ndilo walilozikwa watu wengi wa mji ule wakati ule, pamoja na wenye kazi nzuri. Baron van Swieten, aliyesimamia mambo, alikuwa mtu wa Kasri. Hakukosa pesa wala akili.

Kwa nini wote wazikwe kwa unyonge hivyo? Kwa sababu ya Joseph II. Kaizari huyu alichukia fahari za dini na aliogopa uchafu. Alifunga makaburi ya ndani ya mji, akahamishia maziko nje, na mwaka 1784 akaamuru maiti ishonwe ndani ya mfuko wa kitani bila nguo, imwagiwe chokaa, na lile jeneza lirudi kutumika tena. Lilitengenezwa hata jeneza lenye mlango chini: unavuta, maiti inashuka, unaondoka nalo. Watu walikasirika sana, na mapema 1785 akalazimika kuondoa lazima ya mfuko. Ina maana mwaka 1791 jeneza la kawaida liliruhusiwa tena, na yaelekea Mozart alizikwa nalo. Wanaosimulia kwamba Mozart alizikwa ndani ya gunia wamechelewa miaka sita.

Kilichobaki ni desturi zenyewe. Kaburi halikuwa la familia, lilikuwa la kawaida, na baada ya muda, kama miaka kumi, lilichimbuliwa kumpisha mwingine. Mawe ya kumbukumbu hayakusimikwa juu ya kaburi, yaliwekwa ukutani. Msafara uliondoka jioni, na waombolezaji hawakutarajiwa kulifuata gari hadi makaburini. Ibada iliishia kanisani.

Ndiyo maana nashangaa zaidi akilia mtu wa Pwani. Nikiwa na kundi la Mombasa au Zanzibar nawaambia: jeneza la msikiti si linarudi baada ya kila maziko? Maiti si inashushwa na sanda? Mama zetu si wanabaki nyumbani jeneza likitoka? Kuna makaburi mangapi ya masheikh wakubwa yasiyo na hata kijiwe? Hatusemi walitupwa. Kwetu ni dini na Vienna ilikuwa amri ya serikali, hiyo ni tofauti kubwa na siifichi. Lakini anayejua kwamba mtu huzikwa kwa heshima bila sanduku la mninga na bendi ya matarumbeta, amekwisha kuelewa Desemba ya 1791 kuliko Mwaustria wa leo.

Vienna ndiyo iliyobadilika. Mtunzi Beethoven alipokufa mwaka 1827, maelfu walijaa barabarani na mtunzi mwenzake Schubert akabeba mwenge. Karne ya 19 mji ukapenda maziko ya fahari hadi ikawa ugonjwa, kisha ukageuka nyuma, ukakiangalia kile kigari cha Mozart, ukaona aibu. Aibu ikatafuta hadithi. Ile hadithi ya dhoruba ya theluji iliyowarudisha nyuma waombolezaji ilitokea gazetini mwaka 1856, miaka 65 baadaye. Count Zinzendorf, aliyeandika shajara yake kila siku bila kukosa, anasema siku zile hali ya hewa ilikuwa ya utulivu na ukungu. Hapo kuna ubishi mwingine kama alizikwa tarehe 6 au 7. Wataalamu hawajapatana, na mimi husema "tarehe 6" kwa sababu ndivyo inavyoandikwa zaidi, nikijua kabisa kwamba naegemea upande.

Kuna swali moja ambalo hoja ya desturi hainitoshelezi. Constanze, mjane wake, alikwenda kulitafuta kaburi mwaka 1808, baada ya miaka 17. Alikuta mchimba kaburi wa zamani amekufa na hakuna anayejua mahali. Desturi inaeleza kwa nini hakwenda siku ya maziko. Haielezi miaka 17, wala jiwe la ukutani ambalo angeweza kuliweka.

Basi wageni wanasimama wapi wanapolia? Mwaka 1855 mahali palikisiwa, 1859 ikawekwa sanamu ya Hanns Gasser. Mwaka 1891 sanamu ikahamishiwa Zentralfriedhof, yale makaburi makubwa ya mji, ikae karibu na Beethoven na Schubert. Mlinzi wa St. Marx akaokoteza vipande vya makaburi mengine, nguzo iliyovunjika na malaika mwenye huzuni, akatengeneza kumbukumbu mpya. Sehemu mbili: moja haina mwili, nyingine ni kisio. Na kuna fuvu Salzburg linalosemwa ni lake. Kipimo cha vinasaba kilichotangazwa 2006 hakikuthibitisha lolote. Vienna na mafuvu! Mtunzi Haydn kichwa chake kiliibwa mwaka 1809, kikarudishwa 1954, na fuvu lililowekwa badala yake halikutolewa, kwa hiyo kaburi moja lina mafuvu mawili. Huyo hakuna anayemlilia.

Kama mnataka kulia, nitawapeleka uwanja wa Josefsplatz, upande wa kasri la Hofburg. Nitawasimulia habari za Angelo Soliman. Aliletwa Ulaya mtoto mtumwa kutoka Afrika, akakua na kuwa msomi wa lugha nyingi, mlezi katika nyumba ya wanawafalme wa Liechtenstein, mume aliyefungia ndoa Stephansdom mwaka 1768, miaka 14 kabla ya Mozart kufungia ndoa humo humo. Alikuwa Freemason anayeheshimika katika duru zile zile za Mozart. Alikufa Novemba 1796. Ngozi yake ilichunwa kwa idhini ya Kaizari Franz, ikavalishwa juu ya umbo, ikapambwa kwa manyoya na shanga, mambo ambayo hakuyavaa maishani, na ikawekwa katika makumbusho ya kasri pamoja na wanyama. Binti yake Josephine aliomba apewe baba yake azike. Akakataliwa. Ngozi hiyo iliteketea kwa moto wa mapinduzi ya 1848.

Zamani nilimaliza ziara St. Marx, kwa kuwa ndiko wageni wanakotaka. Sasa namalizia Josefsplatz. Wengine hulalamika kwamba walilipia muziki, na sina uhakika kama wamekosea kabisa; mtu aliyetoka mkutanoni amechoka hajaja kubebeshwa mzigo huo. Lakini sitarudisha mpangilio wa zamani.

Anayetaka makaburi apande tramu namba 71 pale Schwarzenbergplatz. Ashuke St. Marx kwa lile kisio, aende Mei maua ya lilaki yakichanua, ni bustani nzuri hata bila Mozart. Au aendelee hadi Zentralfriedhof, lango la pili, kundi la makaburi 32A. Jeneza lenye mlango chini limo katika makumbusho ya maziko hapo hapo langoni. Kichwa cha plasta kilichochukuliwa kwenye uso wa Soliman kimehifadhiwa Baden, nje ya mji. Anayetaka kukiona aniambie mapema, kwa sababu hiyo haimo katika bei ya nusu siku.