Mtoto akigeuza uso, usimfuate

Kina mama wengi hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, wakishamaliza mambo ya mizani na chanjo huwa wananiuliza kwa sauti ya chini, sista, huyu mtoto akiwa macho nifanye naye nini? Akilia wanajua ni titi, akilowa wanambadilisha, akilala wanakimbilia kufua na kupika, lakini zile dakika ametulia tu, hajalala, hana njaa, hapo ndo wengi wanakwama, mwingine anawasha nyimbo kwa simu, mwingine anaanza kumrusharusha juu. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga na jibu langu ni kaa naye, sasa wacha nieleze kukaa naye ni nini manake watu wakisikia hivyo wanadhani ni maneno ya mtu asiye na kazi.

Mtoto mchanga analala kama masaa 14 hadi 17 kwa siku, na muda unaobaki mwingi unaliwa na kunyonya, kulia na kusinzia. Katikati ya hayo yote kuna vipindi vifupi mwili wake unatulia, mikono haitupwi huku na huku, anapumua taratibu, macho yanang'aa yanatafuta kitu cha kuangalia. Wiki za kwanza inaweza kuwa dakika chache tu, mara nyingi akishashiba, na huwezi kumlazimisha, yeye ndo anafungua mlango na yeye ndo anafunga.

Anachotafuta sana ni uso wako. Anaona vizuri kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake, na ukimpakata kunyonyesha uso wako unakuwa palepale. Sauti yako nayo haihitaji utambulisho, ameisikia tangu tumboni. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba watoto wa siku chache tu walibadilisha namna wanavyonyonya chuchu ya bandia ili wasikilizishwe sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine! Kwa hiyo mama anayeniambia ati huyu bado hajui kitu, mimi namwambia anakujua wewe vizuri sana.

Sasa fanya hivi. Kaa kwenye mkeka, egemea ukuta, kunja magoti, mlaze mtoto mapajani akuangalie. Sema kitu kimoja tu, hata "ehee mama, umeamka?", halafu nyamaza. Nyamaza kweli, muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, manake yeye anachelewa kujibu. Utaona kwanza vidole vya miguu vinafunguka, kisha mdomo unajikunja duara, ulimi unatokeza kidogo, pengine katoto kanatoa ka sauti. Hilo ndo jibu lake. Mrudishie hivyohivyo, mngoje tena.

Baada ya muda atageuza uso aangalie ukuta. Hapa ndo napenda tuelewane, kwa sababu karibu kila mtu nimemwona anafanya kitu kilekile, anapiga vidole, anamshika kidevu amgeuze, anaongeza sauti, "wee, niangalie!" Usimfuate. Amechoka kidogo, anajipumzisha, kuangalia uso wa mtu ni kazi nzito kwa mtoto wa wiki 3. Akianza kwikwi, miayo, chafya, au vidole vya mikono vimetanuka vyote, hizo zote zaweza kuwa dalili kwamba imetosha. Ukitulia mara nyingi anarudi mwenyewe, na akirudi yeye mwenyewe utaona raha yake. Asiporudi basi, mweke kifuani alale.

Kuhusu simu, miaka ya 1970 huko Marekani mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaambia kina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha kwa dakika chache wakae na uso mkavu usiojibu chochote. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti, wakanyoosha mikono kumrudisha mama, wakishindwa wakageuka pembeni wengine wakalia. Uso wa mtu anayesoma meseji unafanana sana na huo. Najua biashara ya mpakani inaenda na simu, siwezi kukuambia uizime mchana kutwa, lakini zile dakika chache igeuze chini. Na usimpe yeye aangalie, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka 1 hahitaji skrini kabisa.

Tena msidhani elimu hii ni ya wazungu wa mbali. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda mwaka 1954, akafuatilia kina mama 26 na watoto wao 28 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea nyumbani mchana wakati ambapo mama wa Kiganda anapokea wageni, akikaa kuwatazama na kuzungumza nao kupitia mkalimani wake. Alichokiona, na akakichapisha mwaka 1967, ni kwamba watoto waliotulia wakawa na uhakika na mama zao ni wa wale kina mama waliozijua alama za mtoto na wakaweza kumweleza Ainsworth mambo madogomadogo ya mtoto wao. Na kingine nakipenda sana, hali hiyo ilienda pamoja na mama kufurahia kunyonyesha. Kufurahia! Kwa hiyo mama anayekaa anamtazama mtoto wake huku sufuria zinangoja, kwangu mimi huyo yuko kazini.

Baba naye ana nafasi. Sheria yetu ya kazi hapa Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi na baba siku 4, na mimi naona siku 4 ni chache mno, lakini jioni ipo. Anawe mikono, avue shati, amlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na kumfunika kitenge mgongoni, awe macho asisinzie naye kwenye kochi.

Ila kama mtoto amefika miezi 3 na bado hatabasamu akiona uso wa mtu, au hafuati uso wako kwa macho, mlete tumwangalie. Na kama ni wewe mama, wiki 2 zimepita unamtazama mtoto na moyoni husikii kitu chochote, unalia tu au huwezi kulala hata yeye akilala, hiyo ni hali inayotibika, njoo uniambie wiki hiihii, usingoje tarehe ya chanjo.