Kumlinda mgonjwa si kumfunga

Juzi, kwenye daladala ya kutoka Mwanga kwenda Ujiji, mama mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake habari za mkwewe aliyelazwa. "Usiku alikuwa msumbufu," akasema, "ila sasa tumemlinda, tumemfunga mkono kitandani." Nimeshalisikia neno hilo likitumika hivyo mara nyingi mno, na wodini ndiko zaidi. Nilishuka kituo changu bila kusema kitu, lakini limenikaa kooni.

Maana yenyewe ya kumlinda mtu mzima haina mzunguko. Mtu mzima anastahili kulindwa pale anapohitaji msaada wa wengine kwa sababu ya uzee, ulemavu au maradhi. Akawa anafanyiwa ukatili au anatelekezwa, au yuko katika hatari hiyo. Na hali yake hiyohiyo ikamfanya ashindwe kujitetea. Waingereza wameyaweka mambo hayo matatu katika sheria yao ya huduma ya mwaka 2014, na yakikutana, halmashauri ya eneo inawajibika kuchunguza. Ukatili ni kupigwa, kutukanwa, kushikwashikwa, pensheni kuliwa na mwanao. Kutelekezwa ni kuachwa na njaa, kuachwa kwenye mkojo, kutogeuzwa kitandani mpaka mgongo ukatoka vidonda. Hapo sidhani kama tunabishana.

Tatizo ni neno ulinzi. Kwetu limeshanuka rungu na tochi. Tuna Jeshi la Ulinzi, tuna ulinzi shirikishi wa mtaani, tuna mlinzi wa getini anayekuuliza unakwenda wodi gani na saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Kwa hiyo mtu akisikia "ulinzi wa mgonjwa" anawaza kufuli, geti na kamba. Neno lenyewe halikuzaliwa huko. Ulinzi na mlinzi vimetoka kwenye linda, d ikageuka z kama penda ilivyozaa mpenzi. Na linda lina ndugu wengi wa Kibantu ambao hawajui kabisa habari za rungu. Mganda akikwambia "linda", anakwambia subiri. Mrundi, ambaye Kigoma tunamsikia kila siku, akisema "rindira", naye anataka umngoje. Hata Kiswahili chetu hakijasahau, ila upande wa pili: bawabu wa zamani aliitwa mngoja mlango. Kulinda na kungoja vilikuwa jirani kiasi kwamba lugha moja ilichukua hiki na nyingine kile.

Aliyewahi kulinda shamba la mahindi dhidi ya ngedere anaelewa bila kamusi. Huyafungi mahindi kamba. Unakaa. Unashinda pale na njaa yako, unatazama, unasikiliza majani, ukiona mkia unapiga kelele. Kazi nzima ni kuwapo.

Miaka kadhaa nyuma baba yangu mdogo alilazwa katika hospitali moja, nisiyoitaja, baada ya kiharusi. Nilimkuta mkono wake mzima umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa kipande cha khanga, fundo mbili. Ule wa kushoto ulikuwa umelala tu, haukuhitaji kufungwa. Uji uliletwa asubuhi, ukawekwa juu ya kabati, ukagandia juu kama ngozi. Binamu yangu akanipokea kwa furaha: "Kaka, tumemlinda, haanguki tena." Nikafungua fundo la kwanza. Baba mdogo maneno yalikuwa hayatoki vizuri, lakini mkono ulipopata nafasi ulikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, kwenye kopo la kukojolea. Usiku wote ule waliomwita msumbufu alikuwa anatafuta kopo.

Simlaumu binamu, wala sista wa zamu aliyekuwa na wodi nzima peke yake. Nadai neno tu. Kilichotokea pale kina jina lake, nalo ni kutelekezwa, ingawa ndugu hawakukauka pembeni ya kitanda.

Kuna jingine linalochanganywa, tena na watu waliosoma: kumlinda mtu mzima kama mtoto. Mtoto kwetu ana sheria yake, ya mwaka 2009, na mkubwa anaruhusiwa kumwamulia mengi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mzee wa kiume aliyenyang'anywa kadi ya benki na mwanawe akilisoma bango hilo hajioni. Mtu mzima huulizwa kwanza. Hao Waingereza wana sheria nyingine, ya mwaka 2005, inayotaka kila mtu mzima ahesabiwe kuwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike hana, na kuamua jambo ambalo wewe unaliona la kijinga si uthibitisho. Akikataa dawa, unakaa naye mjue kwa nini. Nasi hospitalini tuna maafisa ustawi wa jamii, ila tunawakumbuka siku ya kuomba msamaha wa malipo tu. Habari ya khanga na kopo nayo ni ya kupeleka mlangoni kwao.

Sasa mama wa kwenye daladala, shikamoo. Sikusema kitu siku ile kwa sababu ulionekana umechoka, na mwenye kuuguza haongezewi mzigo. Lakini ukiulizwa tena habari za mkweo, sema tu: "Tumemfunga, hatuna mtu wa kukesha naye." Ukisema tumemlinda, wote watajibu "alhamdulillahi" na kwenda zao. Ukisema hatuna mtu, pengine shemeji aliyekaa kimya atauliza zamu ya usiku inaanza saa ngapi.