Kubanwa na mkojo kila mara: kujinyima maji si tiba

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema mwanamke anayebanwa na mkojo kila saa apunguze maji tu, eti ni uzazi na umri, hakuna tiba. Si kweli. Ukinywa kidogo unapata nafuu ya muda, ndiyo maana wengi wanaamini. Lakini mkojo mzito, wa njano iliyokolea, huwasha kibofu.

Pima kwanza mkojo na sukari. Kuna mazoezi, kuna dawa, na visipofaa, kuna kusisimua neva (mshipa wa fahamu) ya mguuni: sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo cha mguu, umeme hafifu dakika 30, kila wiki kwa wiki 12. Neva hiyo imeungana na zinazoongoza kibofu. Wajawazito hawafanyiwi.

Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Dada zetu wanavumilia bure.