Fundi sanifu wa maabara ni nani, na chuoni anafundishwa kitu gani hasa?

Ukimwambia mtu unasomea maabara, swali la kwanza ni lilelile, si siku hizi kuna mashine, mnaweka damu inatoka karatasi, sasa nyie miaka yote hiyo mnasomea nini? Nimeulizwa hivyo na ndugu, majirani, hata na wauguzi tunaofanya nao kazi, na naona ni swali la haki kabisa kwa sababu mgonjwa anaona dirisha tu, anatoa mkono, anachomwa, anasubiri, anaitwa jina, anapewa majibu. Yanayotokea katikati hayaoni.

Fundi sanifu wa maabara ya tiba (wengine wanasema teknishani wa maabara) ni mtu aliyefundishwa kuchukua au kupokea sampuli ya mgonjwa, iwe damu, mkojo, makohozi, choo, usaha au maji ya uti wa mgongo, akaipima na kutoa jibu ambalo daktari anaweza kuliamini na kumtibu nalo mtu. Hapo kwenye kuliamini ndo kozi ilipo. Kubonyeza mashine mtu anafundishwa siku chache tu akaweza, lakini kujua kwamba hii namba iliyotoka leo ni ya uongo, hiyo ndo inakula miaka.

Kuhusu ngazi, nchi nyingi fundi sanifu anasoma kama miaka 2 mpaka 3 anapata setifiketi au diploma, mteknolojia anaenda mpaka digrii, halafu yupo mpatholojia ambaye huyo ni daktari aliyebobea kwenye magonjwa kwa njia ya sampuli na tishu. Majina yanabadilika nchi na nchi ila mpangilio ni huo.

Sasa chuoni. Wengi wanaingia wakitegemea hadubini siku ya kwanza, wanakutana na rangi za vifuniko vya tyubu! Kila tyubu ya damu ina dawa yake ndani na rangi ya kifuniko inakwambia ni ipi. Ya bluu ina sitreti, hii ni ya vipimo vya kuganda damu na lazima ijae mpaka kwenye mstari, kwa sababu imepimwa damu sehemu 9 kwa dawa sehemu 1, ukijaza nusu tu, dawa inazidi na jibu litasema damu ya mgonjwa inachelewa kuganda wakati damu yake haina shida yoyote. Ya kijivu ni ya sukari, ina floraidi, maana chembe za damu zikishatoka mwilini bado ziko hai na zinaendelea kula sukari, damu ikikaa mezani bila kutenganishwa sukari inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Fikiria imekaa masaa manne. Ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, hiyo ni ya kuhesabu chembe, picha nzima ya damu.

Hii ya zambarau ndo iliyonifundisha kazi. Nikiwa mwaka wa pili, zamu ya biokemia (vipimo vya kemikali za damu), mashine ilinitolea potasiamu, moja ya chumvi za damu, 14 ya mama mmoja mtu mzima. Kawaida ni kama 3.5 mpaka 5.0, ikipita 7 tu moyo uko hatarini, sasa 14! Nikakimbia na karatasi kwa mwalimu aliyekuwa anatusimamia, hakushtuka, akaniuliza tu, kalisiamu yake ngapi? Nikaangalia, iko chini kabisa karibu na hakuna. Akaniuliza tena, mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Yuko pale kwenye benchi, anaongea na simu. Basi akaniambia kaa chini. Aliyetoa damu aliona tyubu ya biokemia haijatosha akaiongezea kidogo kutoka kwenye ya zambarau. EDTA ile imetengenezwa na potasiamu kwa hiyo ikaipandisha, na namna yake ya kuzuia damu isigande ni kuikamata kalisiamu, kwa hiyo ikaishusha. Potasiamu juu sana, kalisiamu chini sana, mgonjwa anaongea: hiyo ni tyubu imechanganywa. Tukamwita mama kwa heshima tukamwomba radhi, tukachukua damu upya, ikatoka 4.2. Mashine haikukosea hata kidogo, ilipima sawasawa kile ilichopewa, na kama ningesaini ile karatasi daktari angeanza kumshushia potasiamu mtu ambaye yake ni ya kawaida.

Ndo maana nusu ya mafunzo, kwa maoni yangu nusu iliyo bora, ni mambo ya kabla ya kupima. Jina kwenye tyubu linaandikwa pale pale mbele ya mgonjwa, sio unatoa damu za watu watano ndo unakaa kuandika lebo. Mgonjwa anaulizwa unaitwa nani, haambiwi wewe ndo fulani eeh, maana mtu aliyechoka na homa ataitikia jina lolote. Mpira wa kufungia mkono haukai zaidi ya dakika moja hivi. Damu haisukumwi kwa nguvu kutoka kwenye sindano kuingia tyubu, chembe nyekundu zinapasuka na potasiamu iliyomo ndani yake inamwagika, umepata tena jibu la uongo.

Hadubini nayo inakuja, na inahitaji uvumilivu kweli. Chukua slaidi ya malaria. Unaweka tone nene na unavuta tabaka jembamba pembeni, vitu viwili tofauti kwa kazi mbili tofauti. Jembamba unaligandisha kwa methanoli (aina ya spiriti) ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake uone kimelea kiko wapi ndani na ni cha aina gani. Tone nene huligandishi, na methanoli ikiligusa umeliharibu, kwa sababu tunataka zile chembe nyekundu zipasuke rangi yake itoke, tubaki na chembe nyeupe na vimelea tu, ndo maana tone nene linakamata hata vimelea vichache. Kisha rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa, na maji yake yanatakiwa pH (kipimo cha asidi) 7.2, yakiwa na asidi kidogo tu kiini cha kimelea hakichukui rangi vizuri na unaweza kukipita ukasema hakipo. Mkono wa kuvuta slaidi haufundishiki kwa maneno, mimi niliharibu kama hamsini kabla sijapata moja yenye mkia mzuri unaoishia taratibu kama ulimi.

Halafu kuna kitu kinaitwa kontroli. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza unapima sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari, unaweka nukta kwenye chati ya Levey-Jennings, mstari wa kati ni jibu linalotegemewa na ya juu na chini yake ni mipaka, watu wa maabara wanaitumia toka 1950. Nukta zikicheza karibu na mstari wa kati, endelea. Ikitoka nje ya mistari ya mbali unasimamisha vipimo, hata kama foleni imefika mlangoni na watu wananung'unika. Mwaka 1981 James Westgard, mtaalamu wa maabara wa Marekani, na wenzake wakatoa kanuni za kusoma chati hiyo, kwa mfano nukta mbili mfululizo zimevuka mstari wa pili kutoka katikati, upande mmoja, kuna kitu kimesogea, labda kemikali imezeeka au mashine inahitaji kusetiwa upya. Na marufuku kurudiarudia kontroli mpaka ikubali halafu ukaandika ile iliyokubali. Wanafunzi wanajaribiwa sana hapa, na anayefanya hivyo chuoni ndo atakayefanya hivyo kazini.

Mengine nayapita haraka: bakteriolojia na rangi ya Gram (ya kutofautisha bakteria), biokemia, parasitolojia (mambo ya vimelea), hesabu za kuchanganya dawa, usalama (pipeti hainyonywi kwa mdomo, glavu haziendi kushika simu). Benki ya damu pekee siwezi kuipita hivi hivi. Makundi ya A, B na O aliyagundua daktari wa Austria Karl Landsteiner mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo mgonjwa akiwekewa damu isiyopatana na kundi lake anaweza kufa, na mara nyingi chanzo sio kipimo, ni jina, tyubu ya mtu mwingine. Kwa hiyo unafundishwa kupima kundi pande mbili, chembe zake na seramu yake (maji ya damu), zisipokubaliana hutoi damu, unaanza upya.

Baada ya darasani kuna miezi ya mazoezi hospitalini, kisha mitihani, na sehemu nyingi usajili kwenye baraza la taaluma ndo uruhusiwe kusaini majibu. Mtihani wa vitendo nauhusudu mpaka leo. Unawekewa slaidi yenye namba tu, saa inahesabu, na baadhi ya slaidi hazina kitu. Unazunguka na lenzi ya 100 na tone la mafuta, eneo baada ya eneo, macho yanaanza kukuonyesha vimelea visivyokuwepo, na huruhusiwi kuandika hakuna mpaka umepitia maeneo 100. Na hata hapo huandiki "hana malaria". Unaandika "hakuna vimelea vilivyoonekana", maana hicho ndicho ulichokiona, hayo mengine ataamua daktari aliye na mgonjwa mbele yake.