Desemba hii msimletee bibi ndala

Kila Desemba ni yale yale. Mabasi yanapanda kutoka Dar kuja Kilimanjaro, na katika kila begi kuna zawadi ya bibi: ndala mpya, zile za sponji nene, laini kama mkate. "Miguu yake inavimba, hizi hazimbani." Jamani! Hazimbani kwa sababu hazimshiki.

Angalieni mtu anavyotembea. Mguu ukienda mbele, ncha yake hupita juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili tu, hata kwa kijana. Sasa ndala inaning'inia: kisigino kinainuka, yenyewe inabaki chini, ncha inatafuta pa kunasa. Ili isichomoke, vidole vinajikunja kuing'ang'ania, hatua zinafupika, miguu inaburuzwa. Wa miaka 30 anajirekebisha bila kujua. Wa miaka 78, vidole vimepinda na gumba halina nguvu, anafika kwenye kizingiti cha jikoni na hapo hapo yuko chini. Halafu mnasema ni uzee, au kuna mkono wa mtu.

Na huo ulaini mnaousifu ndio unaniudhi zaidi. Nyayo ndizo zinazoupasha ubongo habari: hapa pameinama, hapa pana kokoto, uzito umekwenda kulia. Sponji inazimeza habari hizo. Soli njema ni nyembamba na ngumu kiasi. Ibonyezeni kwa dole gumba, isizame. Ikipindwa ikunjike penye vidole, si katikati. Kisigino kipana, kimo chake kisizidi sentimita 2.5. Nyuma pagumu pa kukumbatia kisigino, juu kamba au velkro ya kulegeza uvimbe unapozidi. Viatu hivyo vimejaa kwenye mitumba ya Kiboriloni, pale Moshi.

Vipimo: jioni, miguu ikiwa imeshavimba, bibi asimame juu ya karatasi (asimame, si kukaa), chora miguu yote miwili, kata, nenda na karatasi hizo sokoni. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki kama sentimita moja. Msimwongezee namba mbili "miguu ipumue". Kiatu kikubwa ni ndala yenye paa. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hilo si suala la viatu, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Katambuga, zile za tairi? Zikiwa na mkanda nyuma ya kisigino, kwenye njia kavu za Kibosho nazipendelea kuliko ndala. Kama hazina, fundi viatu anaushona dakika chache. Masika, tairi likiwa limelika, ni utelezi mtupu. Peku? Nyayo zinasikia vizuri, ila mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asijue. Soksi tupu juu ya vigae, Julai, kwa sababu ya baridi: hapana, sijadili.

Kucha zilowekwe, zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu zisiguswe na wembe. Mkongojo: mpini ufike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ushikwe upande ulio kinyume na mguu mbovu.

Sasa niseme kitu ambacho vitabu hukipitia haraka. Utafiti wa Melbourne, Australia, wa 2011, wazee 305 wenye maumivu ya miguu, ulipunguza kuanguka kwa asilimia 36. Lakini walipewa soli za ndani, ushauri na ruzuku ya viatu, mazoezi na kijitabu, vyote kwa mpigo. Kipi kilichofanya kazi? Haiwezekani kuvitenganisha. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, baada ya kuwagombeza hivi kuhusu viatu, nachagua mazoezi: ashike meza nzito, ainue visigino polepole mara 10, apumzike, arudie, kisha akae kitini na kuvuta taulo sakafuni kwa vidole. Kila siku. Na asiyafanye akiwa na ndala.